Mvua Haihesabiwi

Alhamisi, 27 Februari

Nimempata Nasur.

Miaka sita nimekuwa nikichungulia kila gari jeupe linalopunguza mwendo karibu nami, kumbe mtu mwenyewe alikuwa aje mbele yangu kwa miguu, na kandambili, akiitwa jina na karani wa mahakama. Nilikuwa nimekwenda kumwekea dhamana Owuor, fundi wangu wa kuchanganya sabuni, aliyegombana na mlinzi wa soko. Kesi ya Owuor iliahirishwa. Ya Nasur iliisha kwa dakika kumi na moja. Alinunua betri ya lori akijua ni ya wizi. Hakimu akasema kwa kuwa ni kosa la kwanza hatampeleka gereza la Luzira. Atafanya kazi za jamii, saa mia mbili, zikamilike kabla tarehe 30 Mei haijaisha. Zikipungua, miezi sita ndani.

Nasur alitabasamu. Nililiona tabasamu hilo na nimelihifadhi.

Halafu afisa wa probesheni, mwanamke mrefu aitwaye Akwero, akasimama kuwaambia watu waliojaa kwenye mabenchi kwamba ofisi yake haina watu wa kutosha. Anatafuta wa kujitolea, miezi mitatu tu, bila malipo. Awe anajua kusoma, kuandika na kutunza saa. Kazi ni kumsimamia mfungwa wa nje na kujaza daftari.

Mkono wangu ulikwenda juu kabla akili haijafika.

Ijumaa, 28 Februari

Nusu siku ya mafunzo, watu tisa, chai bila kitu. Akwero ametueleza sheria: siku tatu kwa wiki, saa zisizozidi nane kwa siku, daftari lisifutwe kwa wino mweupe. Amenipa kituo cha afya kilichoko nyuma ya soko letu hapa Kawempe, kwa sababu tayari nawauzia sabuni na sista mkuu ananijua. Nikaomba nipewe Nasur. "Mzee wa betri? Mchukue," akasema. "Wengine wamemwona mdomo mrefu wakamkimbia."

Fomu ina swali: Je, unamfahamu mhusika? Nimeandika Hapana.

Ni uongo wa kwanza kuandika kwa mkono wangu tangu nije Kampala. Nilianza na ndoo moja ya lita ishirini, leo natoa lita elfu moja na mia nne za sabuni ya maji kwa wiki, na hakuna mteja aliyewahi kupima akakuta pungufu. Mimi sidanganyi namba. Fomu haikuuliza namba.

Jumatatu, 3 Machi

Alifika saa mbili na dakika kumi na nne. Nimeandika kumi na nne.

"Mama, mimi nimekuja. Kazi iko wapi?"

Hakunitambua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nilimtazama usoni, nikampa fyekeo, akaenda kukata majani nyuma ya wodi huku akiimba. Amefunga, ni Ramadhani, lakini anaimba.

Jioni nimepiga hesabu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mpaka 30 Mei, ukitoa sikukuu mbili za Pasaka, ni siku 37. Nimepanga saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, saa sita kila siku. Jumla 222. Anatakiwa 200. Ana ziada ya saa 22.

Kati yake na Luzira kuna saa 22, na masika ndiyo yanaanza.

Jumanne, 4 Machi

Sijalala vizuri. Afadhali niandike jambo lenyewe, liwe kwenye karatasi.

Khaemba wangu alifia hapa mjini, Jumapili ya mwezi wa nne, miaka sita iliyopita. Mwili ukakaa mochari ya Nsambya. Nyumbani Bungoma wakapanga mazishi Jumamosi saa sita. Nikaelekezwa kwa Nasur, Mnubi mwenye gari jeupe la kubebea maiti. Tulionana mara moja tu, mimi nimejifunika leso mpaka machoni. Akasema, "Mama, usihofu, hiyo kazi ni yangu." Tulipatana Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, kwenye lango.

Nilisimama langoni tangu saa kumi na nusu. Watoto wangu wawili wamekaa juu ya begi. Ikafika saa moja, saa tatu, saa sita. Simu yake imezimwa. Gari jingine lilipatikana Jumamosi, likacheleweshwa na karatasi mpakani Malaba, tukaingia bomani kwa wakwe saa mbili usiku, saa ya kuzika imepita.

Wakati huo kaburi lilikuwa tayari. Vijana walichimba usiku wa kuamkia Jumamosi, kama inavyofanywa kwetu. Na kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Hilo lililala wazi usiku mzima, mvua ikaingia, ukuta mmoja ukaporomoka. Jumapili wakachimba upya. Mama mkwe hakunisemesha. Simiyu, mdogo wa marehemu, alisema mbele ya kila mtu kwamba shimo lililolala njaa litatafuta mwingine, na aliyeliacha wazi ni mke wa Kampala aliyekuwa akihesabu sabuni. Watu walipewa viti. Mimi nilikaa chini siku nzima.

Miezi minne baadaye mtoto wa Simiyu akafa kwa homa. Basi. Tangu siku hiyo sijakanyaga pale. Wanangu wanaulizwa na wenzao nyumbani kwao ni wapi, wanajibu Kawempe.

Ndiyo maana niliinua mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Saa sita kamili. Amefyeka uwanja wote.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Ilianza saa nne, Nasur akatupa fyekeo, akakimbilia barazani, akakaa kwenye benchi la wajawazito. Ikakatika saa sita kasoro dakika kumi. Saa nane nikamwonyesha daftari asaini.

"Mama, hii imeandikwa saa nne na dakika kumi."

"Ndiyo. Mvua haihesabiwi."

"Kila mahali inahesabiwa. Ndugu yangu alifanya kazi hii kule Makindye, mvua ikinyesha wanakaa, wanaandikiwa. Mvua si mimi naleta."

"Wala si mimi."

Kweli, kila mahali inahesabiwa. Ndiyo desturi ya wasimamizi wote, niliisikia kwenye mafunzo. Lakini desturi si sheria. Nimempigia Akwero. "Daftari liko mkononi mwako, mama," akasema. "Kuwa mkali si kosa, ila uwe mkali hivyo hivyo mpaka mwisho."

Nitakuwa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua, dakika 35. Nimekata 35.

Ijumaa, 21 Machi

Ameniita Mama Saa. Sasa manesi nao wananiita hivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi ilikuwa jana. Nilidhani leo hatafika, nilikwisha mchorea mstari mwekundu kwa penseli. Akaja saa mbili kasoro dakika tano, kanzu imekunjwa ndani ya mfuko, na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Husnah, mke wangu, ametuma. Anasema Mama Saa lazima ale, labda akishiba dakika zitapungua ukali."

Nyama ya kukaanga, kisra, ule mkate wao mwembamba, na bamia. Nilimpa Sista Aloyo, mkuu wa kituo. Akala mbele yangu, akalamba vidole. "Dada, huyu mtu amekukosea nini?" akaniuliza.

"Hajanikosea. Natunza saa."

Nimefuta mstari mwekundu. Saa 73 zimefanyika. Ziada yake imebaki 17.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua, saa mbili na robo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua, saa moja na dakika hamsini. Owuor ananiambia kazini, "Mama, tangu lini unafurahia mvua? Mitungi ya sabuni haikauki, wewe unatabasamu." Sikujua kwamba natabasamu.

Jumatano, 23 Aprili

Sista Aloyo anataka shimo. Lile la zamani la kutupia kondo la nyuma limejaa, na akina mama wanajifungua kila siku. Amepima mwenyewe kwa hatua: futi nane kwenda chini, kisha mafundi watajenga tofali na kufunika zege. Shimo limeangukia kwa Nasur.

Sista ameweka sharti moja: mvua ikinyesha, hakuna mtu kushuka shimoni. Udongo wa hapa ni laini. Ameniambia mimi, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi.

Mimi nimeongeza la kwangu. Kila siku kabla ya kuondoka, Nasur afunike shimo kwa mabati na kuyawekea mawe.

"Kwa nini, Mama Saa? Shimo litaibiwa?"

"Funika."

Ijumaa, 25 Aprili

Futi mbili na nusu. Amefunika.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua tatu kwa siku moja. Maji yamejaa shimoni, ametumia saa nzima kuyachota kwa ndoo yangu ya sabuni. Kuchota nimehesabu, ni kazi. Saa 128 sasa. Ziada 6, na siku kumi na tatu zimebaki.

Haongei tena kama zamani. Amenyoa nywele, amekonda. Leo nilimkuta anaandika kwa msumari juu ya mpini wa fyekeo: anapiga hesabu ile ile ninayopiga mimi. Amekosea kujumlisha. Nusura nimsahihishe.

Jumatano, 7 Mei

Mvua ilianza, hakukimbilia barazani. Alichukua fyekeo akaenda kufyeka ndani ya mvua, amevaa mfuko wa plastiki aliopewa na Sista, katoboa pa kutolea kichwa. Nilikaa nikimtazama kupitia dirishani. Anayefanya kazi kwenye mvua namhesabia, sheria yangu ni kukaa tu ndiko hakuhesabiwi. Alijua. Alinionyesha fyekeo kwa mbali kama mtu anayeonyesha risiti.

Sikupenda.

Ijumaa, 9 Mei

Leo ninaandika mengi.

Saa tano radi ilipiga karibu, Sista akawalazimisha wote waingie ndani. Akapika chai. Tulikuwa watatu: Sista, Nasur na mimi na daftari langu. Sista akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya betri.

"Nilikuwa naendesha gari ya maiti. Miaka kumi na mbili. Kazi nzuri sana, sista. Abiria yako hagombani, hasemi punguza mwendo."

Sista akacheka. "Na hukuwahi kuwaangusha watu?"

Kikombe changu nilikishika kwa mikono miwili.

"Mmoja," Nasur akasema. "Huyo nakumbuka. Ilikuwa Mkenya. Mjane wake nilipatana naye Ijumaa, alfajiri. Alhamisi usiku akaja mjomba wangu: gari ya harusi imeharibika, bibi harusi anangoja Bombo, Nasur, toa ile basi yako ndogo, uendeshe mwenyewe. Sasa mimi nikafikiri. Sisi Wanubi, mtu akifa asubuhi, jioni yuko ndani ya udongo. Ndio heshima. Hawa Wakenya wameweka mtu wao kwa friji siku tano. Tano, sista. Nikasema, mtu aliyengoja siku tano, siku ya sita inamdhuru nini? Nitampeleka Jumamosi. Nikazima simu kwa sababu ya harusi. Jumamosi baada ya adhuhuri nikaenda Nsambya, gari nimeosha, nimefukiza ubani ndani. Wakaniambia ameshaondoka. Nikakaa langoni mpaka alasiri, nikidhani labda wamekosea jina."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Nikarudi nyumbani. Lakini nilipata aibu. Sikumwona tena yule mama nimwombe radhi."

Mvua ikapiga mabati. Nikamuuliza, na sauti yangu ilitoka sawa kabisa, "Kaburi je?"

"Kaburi gani, mama?"

"Kaburi la huyo mtu. Lilikuwa limechimbwa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. "Si lingengoja? Kaburi haina haraka."

Sista Aloyo, ambaye kwao ni Gulu lakini ameishi sana na Wakenya, akakohoa. Nikainuka, nikaandika kwenye daftari: mvua, saa moja na dakika kumi.

Sasa niko nyumbani na nina hasira kuliko siku niliyomwona kizimbani. Miaka sita nimembeba kama mtu mbaya. Nilimpangia sababu: alinidharau kwa kuwa mjane, alinidharau kwa kuwa mgeni. Nilikuwa nimemjenga vizuri, tofali kwa tofali. Kumbe hakujua. Kwake kuchelewa ni kumweka maiti. Kwangu kuchelewa ni kuliacha shimo. Tulikuwa tukipatana saa ile ile, lango lile lile, na kila mtu ana mazishi yake kichwani.

Na kwa kutojua huko mimi nilikaa chini siku nzima mbele ya ukoo, na wanangu hawana kwao.

Asiyejua hulipa pia. Akikosa saa, atakosa. Sitaongeza, sitapunguza.

Jumatatu, 12 Mei

Saa sita kamili. Futi sita.

Ijumaa, 16 Mei

Husnah amekuja mwenyewe. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakuleta chakula safari hii.

"Hajjati," ananiita hivyo ingawa anajua mimi ni Mkristo, "nimekuja kuuliza tu. Zimebaki ngapi?"

Nikamwambia: ziada yake ni saa tatu na dakika ishirini. Mvua ikizidi hapo, hatatimiza.

"Na mvua inajua hilo?"

"Mvua haijui kitu."

"Basi wewe ndiye unayejua," akasema, akafunga ushungi wake akaondoka. Nimelifikiria neno hilo mpaka nimeunguza ugali.

Jumatatu, 26 Mei

188 na dakika 40. Ziada dakika 40.

Jumatano, 28 Mei

Mvua ya dakika 40. Sikuiamini saa ya mkononi, nikalinganisha na ya ukutani. Arobaini.

Saa 194 kamili. Ziada imekwisha yote. Ijumaa anahitaji saa sita bila kukosa hata dakika. Alisaini, akaweka kalamu chini polepole.

"Mama Saa, wewe unasali kanisa gani?"

"Kwa nini?"

"Nataka kwenda kuomba huko. Kwetu nimeomba, mvua bado inakuja."

Ijumaa, 30 Mei

Naanza tangu asubuhi, nisiruke.

Alifika saa mbili kasoro robo, akangoja nitamke. Saa mbili nikasema, "Anza." Akatoa mabati, akashuka kwa ngazi. Jumatatu mafundi wanakuja kujenga, kazi ya leo ilikuwa kutoa tope na kunyoosha kuta. Sista Aloyo aliingia chumba cha uzazi na mama mmoja mwenye uchungu, akafunga mlango.

Saa nne mvua ikaanza. Nilitembea mpaka ukingoni na mwavuli. Alikuwa chini kabisa, futi nane, beleshi mkononi, anaangalia juu na maji yanamwingia machoni.

"Mama Saa. Nikitoka, unakata?"

Sharti la Sista nililijua. Nilipewa mimi. Kazi yangu ilikuwa kusema neno moja.

"Nakata," nikasema.

Akainamisha kichwa, akaendelea kuchimba. Nikarudi barazani. Nikakaa na daftari magotini. Nakiri hapa, kwa sababu hapa hakuna anayesoma: nilikuwa nangoja apande ngazi. Kila dakika nilitazama zile ncha mbili za ngazi. Nilitaka aone kwamba shimo na mvua vikikutana, saa hazikusaidii. Saa zilizobaki za mtu ziwe mkononi mwangu, nizisikie.

Saa tano na nusu ngazi ikasogea yenyewe.

Sikusikia kelele. Nilisikia kama gunia la unga likiwekwa chini. Nilipofika ukingoni, ukuta wa upande wa choo haukuwepo. Ulikuwa umemlalia, udongo umemfika kifuani, mkono mmoja uko nje na beleshi bado liko ndani yake. Maji yalikuwa yanateremka juu ya udongo ule, mekundu, na mimi nimewahi kuuona ukuta ule. Nimeuona usiku mmoja, kwa mwanga wa taa ya chemli, nyumbani kwa wakwe zangu. Nilikuwa nimesimama ukingoni hivi hivi.

Nilipiga ukelele wa kwetu. Mlinzi akaja, Sista akatoka na glavu zenye damu, akina baba waliosindikiza wake zao wakaja. Tulifunga mashuka ya wodi matatu, tukampitisha kwapani. Nililala kifudifudi ukingoni nikichota udongo kwa mikono, kwa kisahani changu cha kupimia sabuni, kwa chochote. Tulimtoa saa sita kasoro dakika nane. Anapumua, mguu umeteguka, hakuna kilichovunjika. Sista akamaliza kumpima, akanigeukia.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Na wewe?"

Nikaokota daftari. Sista akarudi kwa yule mama mwenye uchungu. Mtoto amezaliwa saa saba, wa kike.

Nasur alikaa barazani amefungwa blanketi. Mvua haikukatika. Nikafungua daftari. Dakika 22 alizokaa ndani ya udongo nimezihesabu, alikuwa kazini. Jumla 197 na dakika 52. Ikafika saa nane, na ni mimi niliyepanga saa nane. Upungufu saa mbili na dakika nane.

Nilikuwa nimepata. Hiyo ndiyo namba niliyoitafuta tangu Februari, na ni ya kweli. Hakuna mahali nimeidanganya.

"Imekwisha?" akauliza.

"Umepungukiwa saa mbili na dakika nane."

Akatikisa kichwa. Hakunilaani. Sista akapita akasema shimo liachwe hivyo hivyo, Jumatatu mafundi wataona. Mdomo wangu ukasema, "Shimo halilali wazi." Wote wawili wakanitazama.

Mvua ilikatika saa tisa. Nasur akainuka, akachechemea mpaka uani. Nikadhani anaenda nyumbani. Akachukua beleshi.

"Saa zako zimekwisha," nikamwambia.

"Najua. Luzira nitaenda. Lakini hapa wanawake wanapita na matumbo, hawaoni miguu yao. Mtu ataanguka."

Akaanza kurudisha udongo ukingoni, kupanga mbao, kuburuta mabati, kuweka mawe. Mtu mwenye mguu mmoja mzima. Nilisimama. Nikakumbuka sauti ya hakimu: kabla tarehe 30 Mei haijaisha. Hakusema saa nane. Saa nane ilikuwa yangu. Na sheria inaruhusu saa nane za kazi kwa siku, alikuwa hajafika hata nne.

Nikatazama mkononi: saa tisa na dakika kumi. Nikaandika. Sikumwambia.

Alimaliza kuweka jiwe la mwisho saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Saa mbili na dakika 25. Jumla, saa mia mbili na dakika 17. Nimejumlisha mara tatu, juu kwenda chini na chini kwenda juu.

Nikasaini, nikampa karatasi yake. Aliisoma, akakaa chini kwenye tope.

Nikamwambia, "Sasa huna sababu ya kuniogopa, kwa hiyo sikiliza. Yule mjane wa Nsambya ni mimi. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Kwetu halilali wazi. La mume wangu lililala wazi Jumamosi nzima usiku, kwenye mvua, likaporomoka kama hili lako, na ukoo ukasema ni mimi. Hakuna aliyenipa kiti tangu siku hiyo."

Aligeuka akayatazama mabati. Kisha akasema, "Ndiyo maana mabati."

"Ndiyo maana mabati."

"Na fomu yao hawa? Si wanauliza kama unanijua?"

"Niliandika Hapana. Ukitaka, kawaambie."

Akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

"Jumamosi ya tarehe 14 Juni," nikasema. "Saa kumi na moja alfajiri. Lango lile lile. Utakwenda nami Bungoma, useme mbele yao ulichotuambia siku ile ya chai. Sikulipi, na karatasi yako unayo tayari. Uje au usije, mimi nitakuwa pale."

Jumatatu, 2 Juni

Nimepeleka daftari. Akwero amelipitia ukurasa kwa ukurasa, akalisifu. Kisha nikamwomba ile fomu ya Februari, nikakata Hapana, nikaandika Ndiyo, nikaweka tarehe ya leo. Nikamwambia na habari ya shimo, na neno nililolisema ukingoni.

Akalifunga daftari. "Hesabu zako nimekagua, ni safi," akasema. "Kwa hiyo yeye yuko huru. Wewe, mama, sitakuita tena."

Nimesaini hilo pia.

Jumanne, 10 Juni

Lita 1,460 wiki hii. Jua kali.

Ijumaa, 13 Juni

Wanangu wanauliza kama yule mtu atakuja. Nimewaambia walale.

Jumapili, 15 Juni

Nilifika langoni jana saa kumi na nusu, kama mara ile. Gari la kuazima lilikuwa limekwisha egeshwa. Nasur amelaza kichwa juu ya usukani, ndani kunanuka ubani.

"Umefika saa ngapi?"

"Tisa. Niliogopa daftari."

Hatukuongea sana njiani. Malaba alinunua maji akawapa watoto. Saa tano tulikuwa bomani. Simiyu alitoka akasimama mbele ya mlango, mikono nyuma. Mama mkwe alikuwa kibarazani, amezeeka sana, macho yamefifia. Watu walikuwa wakitoka kwenye kikao cha ukoo, hawakuwa wametawanyika. Nilikuwa nimeichagua siku hiyo kwa sababu hiyo.

Nasur alivua kofia. Kiswahili chake cha Kampala kilisikika pale uani kama vyombo vikianguka, lakini kila mtu alielewa.

"Mimi ni dereva. Mwaka ule bwana wa huyu mama amekufa, yeye aliniambia Ijumaa. Alikuwa pale langoni na watoto kabla ya jua. Mimi ndiye sikuja. Nilienda harusi. Sikujua kaburi inangoja. Ile shimo mlisema aliacha wazi, si yeye. Ni mimi niliacha. Kama kuna neno la kusema, niambieni mimi, jina langu ni Nasur."

Kuku mmoja alipita katikati. Nilihesabu watu waliosikia: thelathini na mmoja.

Mama mkwe akauliza, "Na hiyo harusi ilikuwa nzuri?"

"Walishaachana, mama," Nasur akasema.

Bibi kizee akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akageuza uso upande ambao hakika alijua mwanawe amesimama. "Simiyu. Mletee mke wa kaka yako kiti."

Simiyu hakusogea. Mama akarudia. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha mbao chenye mgongo, akakiweka karibu na ukuta, kivulini, nyuma ya watu.

"Hapo sioni vizuri," nikamwambia. "Kilete katikati."

Akakibeba tena. Akakileta katikati ya uwanja, juani, akakiweka mbele ya miguu yangu bila kuinua macho. Nikakifuta vumbi kwa leso, taratibu, miguu yote minne. Nikakaa.

Nilikaa saa mbili na dakika kumi. Sikuinuka hata kunywa maji.